Makato ya Kila Jumatano

Jumatatu, Machi 3
Presha: 146 kwa 92.

Daktari amenipa daftari lenye jalada jekundu na masharti mawili. Kila asubuhi nipime presha na kuiandika, na chini yake niandike kilichonikera, ili tujue inapandishwa na nini. Nimemwuliza kama kurasa themanini zitatosha. Hakucheka. Madaktari wa presha hawacheki, labda wanaogopa kutupandishia.

Kwa faida yake, maana ndiye atakayesoma: nina miaka hamsini na miwili. Nasaga vioo vya miwani katika kiduka ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na nikishusha pumzi tumbo linagusa ya tatu. Watoto wetu wameshajitegemea. Nyumbani tumebaki mimi na mke wangu, mwalimu wa chekechea, ambaye hunisemesha kama mmoja wa wanafunzi wake, tena wa wale wazito.

Leo nimelipia mtandao wa nyumbani miezi mitatu kwa mpigo. Hela inakaa kwenye akaunti yetu ya kampuni, wao wanakata ya mwezi kila tarehe tatu. Mke wangu kasema nimefanya jambo la maana. Naliandika kwa sababu halitokei kila mwaka.

Kilichonikera: hakuna.

Alhamisi, Machi 6
143 kwa 90.

Mama mkwe amefika. Kafanyiwa upasuaji wa goti, atakaa nasi mpaka mvua zikatike. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na moja, akastaafu bila kupotelewa na hata bomba la sindano. Nimempokea begi mlangoni, nikamwamkia. Kabla hajakaa akaniuliza, "Begi langu umelipokea saa ngapi, baba?" Nikadhani utani. Alikuwa anasubiri jibu. Nikamwambia saa kumi na moja na robo. "Haya," akasema, ndipo akakaa.

Jumapili, Machi 9
145 kwa 90. Mvua. Hakuna la kusema, mama mkwe amelisema lote.

Jumanne, Machi 11
144 kwa 90. Mvua kubwa. Tawi limeangukia nguzo ya kona, waya wa mtandao umelala kwenye dimbwi kama mlevi. Kisanduku chetu cha mtandao kinawaka taa nyekundu.

Jumatano, Machi 12
147 kwa 91. Mtandao haupo. Nimewapigia kampuni, nimesikilizishwa muziki wa kinanda karibu nusu saa. Saa nne na dakika kumi na kitu asubuhi nikapata kijana mwenye sauti ya asali. Kanipa namba ya malalamiko, 40718. Naiandika hapa, sina karatasi nyingine. Kijana mpole kweli. Nimemwombea Mungu amzidishie.

Ijumaa, Machi 14
142 kwa 89. Mafundi wamekuja jioni. Taa ya kijani. Mama mkwe kawapa chai na kuwauliza majina.

Alhamisi, Aprili 3
141 kwa 88. Mvua. Naona dawa inafanya kazi.

Jumatano, Aprili 16
140 kwa 88.

Mke wangu amemfundisha mama yake kutumia tableti. Kila saa kumi alasiri anaongea na dada yake, wanaonana uso kwa uso, wanasemana mvi. Wakimaliza anatazama vipande vya tamthilia, vile vya bure. Leo nimemkuta anamkemea binti wa kwenye kioo: "Usimfungulie mlango huyo! Tapeli huyo!" Akaniona, akaweka tableti kifudifudi mapajani kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Nimecheka mpaka dukani.

Jumamosi, Mei 3
158 kwa 97.

Daktari, kaa chini. Hapa ndipo pa kusoma.

Asubuhi kisanduku kimewaka nyekundu. Nikatazama nje, nguzo imesimama, waya uko juu. Simu ikalia, ujumbe wa kampuni: "Mteja wetu mpendwa, salio lako halitoshi." Halitoshi vipi? Nimelipa miezi mitatu, nimekula miwili. Hata mtoto wa darasa la mke wangu anajua tatu kutoa mbili inabaki moja.

Nikafungua akaunti kwenye simu. Chini kabisa, kwa herufi ambazo mimi huwawekea wateja mwishoni mwa ubao ili nijue nani hana macho, kuna mstari: "Tamthilia Bila Kikomo, kila wiki." Wameanza Machi. Kila Jumatano inayokuja, wanakata. Nimehesabu mara nane. Mara nane hizo ukizikusanya ndio mwezi wangu wa tatu.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa. Hatukufundishwa kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Mimi, fundi miwani, ninayewapa watu macho mtaa mzima, nimeibiwa wiki nane mbele ya pua yangu, na pua yenyewe imebeba miwani. Mke wangu kaniuliza, "Kwani huwa husomi?" Nimemjibu kwamba huwa nasoma. Kaniuliza nasoma nini. Nimeenda kulala mchana.

Jumatatu, Mei 5
156 kwa 96.

Nimeongeza hela ili mtandao urudi, kisha nikawapigia. Leo ni dada mmoja mchangamfu.

"Huduma ilikubaliwa kutoka kwenye kifaa kilichounganishwa hapo nyumbani kwako, mzee wangu."

"Kifaa gani?"

"Mfumo hauonyeshi."

"Nani alikubali?"

"Mtu wa nyumbani."

"Nyumbani tuko watatu, dada yangu. Mmoja ni mimi."

"Basi wamebaki wawili, mzee," akasema, kama ananisaidia hesabu.

Nikamwambia waifunge na wanirudishie changu. Kufunga watafunga. Kurudisha haiwezekani, kwa sababu huduma "ilitumika". Nimemwuliza nani kaitumia. Mtu wa nyumbani.

Jumatano, Mei 7
159 kwa 98.

Wamekata tena! Ya tisa! Nimepiga simu. Eti kufunga huduma huchukua siku saba za kazi. Nikauliza, kuifungua ilichukua siku ngapi?

"Papo hapo, mzee."

Nimemsimulia kinyozi wa duka la pili, ambaye huniita Bwana Miwani na hunyoa huku anatoa hukumu. Akazima mashine, mteja kabaki na nusu kichwa. "Bwana Miwani, kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo huduma ya nini?"

"Tamthilia."

"Na nyumbani kwako nani mpenzi wa tamthilia?"

Yule mteja wa nusu kichwa akasema, "Mama mkwe." Simjui, hanijui.

Alhamisi, Mei 8
155 kwa 96.

Mkwe hahojiwi. Huwezi kumsimamia mama wa mkeo, mwenye goti la juzi, ukamwuliza kidole chake kilibonyeza nini. Lakini naandika hapa ambapo hakuna anayesoma isipokuwa daktari: nadhani ni yeye. Simlaumu. Macho ya miaka sabini na moja, kioo kinateleza, kidude kinaruka mbele kimeandikwa NDIYO kwa rangi ya kijani, mtu anabonyeza.

Kwa hiyo nimetumia akili. Nimebadilisha nywila ya mtandao. Simu yangu na ya mke wangu nimeziwekea mpya. Tableti nimeiacha. Hakuna aliyesemwa, hakuna aliyeaibishwa. Nimejipongeza njia nzima ya kwenda dukani.

Jumatatu, Mei 12
150 kwa 94. Mvua. Nyumba kimya. Saa kumi ilipita bila mtu kusemwa mvi.

Jumatano, Mei 14
157 kwa 97. Wamekata. Ya kumi. Sina la kuongeza ambalo daktari anaweza kulisoma.

Alhamisi, Mei 15
162 kwa 100.

Nilipotoka kazini mama mkwe alikuwa ananisubiri sebuleni, amekaa wima, tableti imefungwa kwenye kitambaa safi, imewekwa mezani.

"Baba, nimeharibu kitu chenu."

"Kitu gani, mama?"

"Hiki. Tangu Alhamisi iliyopita hakishiki. Nimekizima, nimekiwasha, nimekiacha kipumzike. Nadhani nilibonyeza mahali. Utanisamehe."

Wiki nzima! Wiki nzima ametazama kile kioo, hakumwuliza mtu, kwa sababu aliamini kosa ni lake. Dada yake upande wa pili amekuwa akingoja saa kumi. Nami hapo hapo, na mdomo wangu wote huu, nikashindwa kusema ni mimi. Nikasema, "Nitaangalia, mama."

Mke wangu hakuhitaji kuangalia. Alichukua simu yangu, akaiangalia nywila, akaniangalia mimi, akaniita jikoni. Akiniita "mume wangu" kuna amani. Leo aliniita "bwana mkubwa".

"Bwana mkubwa, umemfungia mama yangu mtandao?"

Nikamweleza habari ya tamthilia, na makato, na kinyozi.

"Kinyozi! Mama yangu amehukumiwa kwa kinyozi!"

"Punguza sauti, atasikia."

Alikuwa ameshasikia. Amesimama mlangoni na fimbo yake. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akauliza wamekata kiasi gani. Nikasema si kitu. Akauliza tena, kwa sauti nadhani waliyoijua vizuri manesi wa zamani. Nikamwambia. Akaenda chumbani polepole, akarudi na kitambaa chake chenye fundo, akaanza kulifungua.

"Mama, hapana. Tafadhali."

"Kama nilibonyeza, nalipa. Sikumbuki kubonyeza. Lakini siku hizi, baba, sikumbuki mengi. Labda nilibonyeza."

Hela nimezikataa, mke wangu kazirudisha fundoni. Lakini lile "labda" limebaki hapo sebuleni, na hakuna aliyeweza kulirudisha popote.

Jumapili, Mei 18
164 kwa 101.

Nywila nimemwekea siku ile ile. Tableti haigusi. Mke wangu alimpigia dada yake kwa simu yake, wakaongea dakika mbili, hakuna aliyetaniwa.

Asubuhi nimekuta kikaratasi kando ya jiko, mwandiko wa mtunza stoo, herufi zimesimama kama askari: "Nimezima. Saa 1:10." Kingine mlangoni: "Nimefunga. Saa 2:00." Kingine kwenye chupa ya dawa zake. Mwanamke aliyekuwa akijua akiba ya pamba ya hospitali nzima kwa kichwa, sasa anajiandikia risiti za kuzima jiko.

Baada ya chakula akamwita binti yake na mimi. Akaweka mezani funguo zake, funguo za nyumba yake mwenyewe, tatu kwenye pete ya shaba.

"Niwekeeni nyinyi. Nisije nikapoteza. Na mvua zikikatika msinirudishe kule peke yangu. Mtafute mtu wa kupanga."

Mke wangu akalia. Mama akamwambia asilie, mtu akishindwa stoo anakabidhi funguo, hakuna aibu. Akanitazama mimi. "Umezipokea saa ngapi, baba?"

Nikasema saa nane na nusu.

Daktari, uliuliza kinachonikera. Zile hela za Jumatano nilikuwa nimeanza kuzizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Hili la leo sizoei. Kuna mtu mahali fulani, kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, aliyesema "mtu wa nyumbani" na kukata simu, na kwa maneno hayo matatu amemnyang'anya mama wa watu nyumba yake na akili zake. Nami ndiye niliyemwazima mkono.

Jumanne, Mei 20
161 kwa 99.

Nimefunga duka, nimeenda ofisini kwao. Sakafu inateleza, ukutani picha ya familia inacheka mbele ya kompyuta. Hao bila shaka hawajafungua taarifa yao ya makato. Dirisha la kwanza wakanipeleka la tano, la tano likanirudisha la pili, la pili lilikuwa limeenda kula. Nimeishia la tatu, kwa binti mmoja mwenye macho mekundu na miwani isiyo saizi yake. Nilitaka kumwambia. Nikajizuia.

Akasikiliza mpaka mwisho, huyo tu. Akaenda kuuliza. Akarudi na fomu.

"Baba, wamekubali kukurudishia ya wiki mbili, kwa hisani. Weka sahihi hapa."

Hisani! Mtu akivunja dirisha lako, akakuibia kuku kumi, akarudi na wawili, ni hisani. Lakini nilikuwa nimechoka, mvua inapiga bati, na wiki mbili si haba. Nikachukua kalamu. Macho ya fundi hayaachi herufi ndogo, si mara mbili. Juu ya nafasi ya sahihi imeandikwa: "Nakiri kuwa huduma ilifunguliwa kwa makosa ya mtu wa nyumbani kwangu."

Nikairudisha kalamu kwenye kikombe chake. Binti akaniangalia, hakunilazimisha.

Nimelowa mpaka soksi.

Jumatano, Mei 21
157 kwa 97. Hawajakata. Siku zao saba zimetimia.

Jioni mama mkwe, ambaye siku hizi anazungumza kwa kupima kama dawa, ameniuliza nilipofikia. Nikamwambia nimegombana, nimedai hela, wamekataa. Akatikisa kichwa.

"Unadai hela kwanza? Ndiyo maana. Stoo mtu haulizwi hela, baba. Ikipungua boksi ya glavu, swali ni moja: ilitoka lini, saa ngapi, nani kaitoa? Hakuna kitu kinachotoka bila tarehe na saa. Wamekuambia tarehe?"

Wiki tatu nimepiga kelele. Sijauliza hilo hata mara moja.

"Waulize. Kwa barua. Kama nilikuwa mimi, angalau nijue nilibonyeza siku gani. Nitajaribu kukumbuka nilikuwa nafanya nini."

Alhamisi, Mei 22
155 kwa 96. Nimepeleka barua dirisha la tatu. Nimegongesha muhuri kwenye nakala yangu, kama nilivyoelekezwa na mtaalamu wa nyumbani.

Jumamosi, Mei 24
154 kwa 95. Kimya. Kinyozi kaniuliza kesi ya mkwe imefikia wapi. Nimemwambia aangalie kichwa kilicho mbele yake.

Jumanne, Mei 27
Asubuhi 154 kwa 95. Mchana sijapima, mashine ingepasuka.

Jibu limekuja. Karatasi moja, mistari mitatu. Huduma: Tamthilia Bila Kikomo. Njia: kifaa kilichounganishwa nyumbani kwa mteja. Ilikubaliwa: Machi 12, saa 4:17 asubuhi.

Nimesoma dukani nimesimama. Machi 12. Nikajaribu kukumbuka, kichwa kitupu. Ndipo nikakumbuka kwamba nina kichwa kingine, chekundu, chenye kurasa themanini. Nikakifungua mbele ya mteja aliyekuja kuchukua miwani, nikasoma mwandiko wangu mbaya: "Mtandao haupo."

Siku ile hakuna kifaa kilichounganishwa na chochote! Waya ulikuwa kwenye dimbwi! Angebonyeza nani? Chura?

Nimekimbia. Tumbo limenitangulia, mimi nimefuata. Mama mkwe alikuwa dirishani. Nikampa karatasi, nikampa daftari limefunguliwa Machi 12. Akavaa miwani niliyomtengenezea mwenyewe. Akasoma karatasi. Akasoma daftari. Akafungua nyuma, Machi 11: nyekundu. Akafungua mbele, Machi 14: kijani. Kidole kinapita mstari kwa mstari.

"Siku tatu laini imekufa."

"Ndiyo, mama."

"Na tableti mimi nimeanza kushika Aprili. Imeandikwa hapa."

"Ndiyo, mama!"

"Kwa hiyo sikubonyeza."

"Hukubonyeza. Hakuna aliyebonyeza."

Nilitaka kucheza. Lakini daftari likabaki mkononi mwake, na mtunza stoo haachi ukurasa haujakaguliwa. Akaendelea mbele. Nikaona anakaribia Mei. Nikasema, "Mama, huko ni habari za presha tu." Akaendelea. Nikasimama pale jasho linanitiririka na mvua nje, huku mama wa mke wangu anasoma, kwa mwandiko wangu, "nadhani ni yeye", na habari ya kidole, na jinsi nilivyojipongeza njia nzima.

Akavua miwani, akaifuta.

"Mama, nisamehe. Ningekuuliza. Niliogopa kukuvunjia heshima, nikaivunja yote."

Akaivaa tena miwani. "Ungeniuliza, ningekukasirikia siku moja. Wewe umeninyima usingizi wiki mbili." Akafunga daftari, akanirudishia. "Lakini tarehe hukosei. Kesho tunakwenda wote."

Jumatano, Mei 28
151 kwa 94.

Siku ya Jumatano, kama wao wanavyopenda.

Mama mkwe kavaa gauni lake la bluu la kustaafia. Mke wangu kaomba ruhusa shuleni, kaja kushika mwavuli. Dirisha la tatu. Binti akatuona watatu, akavuta pumzi.

Nikaweka barua yao, nikaweka daftari. Akasoma. Akacheka kidogo alipofika kwa mlevi wa kwenye dimbwi. Kisha akaandika 40718 kwenye kompyuta, na kicheko kikakatika.

"Malalamiko yapo," akasema. "Laini imekatika Machi 11 mpaka 14. Yamefunguliwa Machi 12, saa nne na dakika kumi na nne."

"Na nani?" mama akauliza.

"Mhudumu namba 26."

"Na tamthilia, dakika kumi na saba, imefunguliwa na nani?"

Binti akatafuta. Akatazama nyuma yake kama kuna mtu. Akasema polepole, "Mhudumu namba 26."

Sauti ya asali! Nilimpigia mimi. Wakati namshukuru, wakati namwombea Mungu amzidishie, yeye alikuwa anajizidishia. Katika nyumba yangu ya watu watatu, aliyekuwa karibu na wizi kuliko wote ni mimi, sikio kwenye simu, nikitabasamu.

Meneja akaja, mtu wa tai, akatuketisha. Akasema vijana wana malengo ya mwezi, mfumo unaruhusu, mtaa wetu si wa kwanza kulalamika, zote kumi zitarudi leo hii, tusahau.

"Hela ni zake huyu, mrudishie," mama akasema. "Mimi nimefuata changu."

"Chako ni kipi, mama?"

"Mmesema mtu wa nyumbani kabonyeza. Andikeni kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyebonyeza."

"Mama yangu, hatuna fomu ya namna hiyo."

"Kalamu mnazo. Muhuri mnao."

"Itabidi nipeleke makao makuu..."

"Peleka. Sisi tutakaa hapa." Akalinyoosha goti lake la upasuaji katikati ya njia ya wateja, akalaza fimbo juu yake. Mke wangu akafungua chupa ya chai. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu Mei ianze, sikuwa na la kufanya wala hasira ya kufanyia. Watu walianza kuuliza kuna nini, na mama aliwajibu wote, kwa utaratibu, akianza na tarehe na saa. Mtu wa nne alipotoa simu yake kuangalia makato yake, meneja akamwita binti wa dirisha la tatu.

Binti ameandika kwa mkono, mistari minne. "Tumethibitisha kwamba hakuna mtu yeyote wa nyumba hii aliyeomba wala kukubali huduma hiyo. Kosa ni letu." Sahihi ya meneja, muhuri. Lile neno "kosa ni letu" meneja hakulisoma vizuri, nadhani. Binti alilijua vizuri sana. Nimemwachia anwani ya duka. Miwani yake nitamrekebishia bure.

Mama kaisoma barua mara mbili. Akaomba kalamu, akaandika pembeni, herufi kama askari: Imepokelewa, 28 Mei, saa 6:35.

Nyumbani, kabla hajavua viatu, akanyoosha kiganja.

"Funguo zangu."

Nikazileta, tatu, kwenye pete ya shaba. Akazihesabu, akanitazama. Nilikuwa nimeshajifunza.

"Saa nane kamili, mama," nikasema.

Saa kumi jioni, kutoka chumbani, nimesikia dada yake akiambiwa amezeeka ghafla.

Jumatatu, Juni 9
138 kwa 86.

Mvua zimekatika. Mama mkwe ameondoka jana kwenda kwake, na fimbo na tableti.

Leo nimepeleka daftari kwa daktari. Kalisoma lote, mimi natazama mchoro wa moyo ukutani. Akaweka kidole Mei 18. "Hapa ndipo ulipotaka kufa." Akafungua Mei 28, akasoma, akarudia. Kisha akatoa simu yake kwenye koti jeupe, akaishusha chini ya meza kidogo, akaanza kutafuta kitu. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Samahani," akaniambia, "hivi haya makato yanaandikwa sehemu gani?"

Nikamwonyesha. Chini kabisa, herufi ndogo. Nikaona uso wake unabadilika rangi.

Nimemwazima mashine yangu ya presha.